Damu haipandi

Mwaka 2018 nilikuwa natembea na udongo kwenye mkoba. Vile vijiti vya udongo wa kula wanavyouza kina mama sokoni Kariakoo, vya kijivu, vinavyonukia kama mvua ya kwanza ikigusa vumbi. Nilinunua vya shilingi mia tano, nikavifunga kwenye leso, na daladala ilipofika Magomeni vilikuwa vimekwisha. Sikuwa mjamzito. Jioni nikiosha mchele, nilitafuna punje mbichi kiganja kizima kabla sijabandika sufuria. Nilimficha mume wangu, nikamficha mama, na hospitali nilipoulizwa kama kuna kitu kisicho chakula ninachokitamani, nilijibu hapana. Aibu ile ilinichelewesha sana. Hamu ya udongo, barafu au mchele mbichi ni moja ya dalili za kupungukiwa madini ya chuma, na ningesema kweli siku ile huenda mtu angeanza mapema kuuliza madini hayo yanapotelea wapi.

Damu yangu ilikuwa 7. Mwanamke ambaye si mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nikipanda ngazi za ghorofa moja pale kazini, ilinibidi nisimame katikati nishike ukuta, nikijifanya natafuta kitu kwenye simu.

Nilimeza vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu, nikapimwa: 8. Nikapumzika mwezi mmoja: 7. Nikaanza tena. Shangazi yangu wa Temeke alikuwa akija kila Jumamosi na chupa ya juisi ya rosela iliyokolea mpaka inaacha rangi kwenye glasi, na maini aliyoyakaanga mwenyewe, na matembele. Alikaa pembeni yangu mpaka nimalize. Wiki moja alinitazama usoni akasema, "Mwanangu, hivi vyote vinakwenda wapi?" Lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na sisi wote wawili hatukujua kwamba ni sahihi.

Wakati huo tumbo lilikuwa linajaa upepo kila jioni, choo laini kinachoelea, vidonda vya mdomoni visivyokwisha, nywele zinabaki kwenye kitana. Mimba moja ilitoka ikiwa na wiki kumi. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nilipopungua hadi kilo 44, jirani mmoja aliacha kunipokea kikombe. Nilipima Virusi vya UKIMWI mara tatu, mara ya tatu si kwa ajili yangu bali ili mume wangu awe na karatasi ya kuwaonyesha ndugu zake. Hilo bado linaniuma kuliko sindano zote zilizofuata.

Aliyefungua njia alikuwa daktari kijana ambaye hakuandika dawa yoyote siku ya kwanza. Aliuliza, "Dada, tangu unaamka mpaka unalala, unakula nini?" Nikamtajia. Asubuhi chapati mbili na chai ya maziwa. Saa nne maandazi. Mchana wali au ugali. Jioni nikichoka kupika, tambi au mkate na mayai. Akauliza hedhi yangu ikoje, akaagiza choo kipimwe kama kina damu iliyojificha. Vyote vilikuwa sawa. Akaniambia, "Damu isipopanda, ama unaipoteza mahali, ama tumbo halipokei unachokula. Hatujaona unapoipoteza."

Akachora utumbo mwembamba nyuma ya karatasi ya maabara. Ndani yake, alisema, umetandikwa vinyweleo vidogo sana, kama zulia la manyoya, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyochota chakula na kukiingiza kwenye damu. Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya ughaibuni iitwayo rai, inaufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Zulia linanyooka mpaka linakuwa kama sakafu ya saruji. Na sehemu ya mwanzo kabisa ya utumbo, inayoumizwa zaidi, ndiyo hiyohiyo inayopokea madini ya chuma. Nilimkumbuka shangazi na maini yake. Miaka miwili alikuwa anamwaga maji kwenye pakacha, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na mimi nilikuwa pakacha.

Hapa nilifanya kosa ambalo nataka mtu mwingine aliepuke. Nilitoka pale nikaacha ngano siku hiyohiyo. Kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za seliaki, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza katika vita hivyo, kilikuwa ghali, nikajichanga miezi miwili na nusu kabla ya kurudi. Katika muda huo tumbo lilitulia, nikalala usingizi ambao sikuukumbuka. Nikapima kwa furaha, majibu yakaja hayaeleweki: kiwango kiko mpakani. Daktari aliponiuliza kama bado nakula ngano nikamjibu kwa fahari kwamba nimeacha. Akashusha kalamu. Kipimo kile kinatafuta alama za vita, na mimi nilikuwa nimeshaondoa adui. Ilibidi nirudie kula ngano kila siku kwa wiki nane ndipo nipimwe tena. Wiki nane za kula kitu ninachojua kinaniumiza, nikiwa na damu 8. Nililia nikiwa na chapati mkononi, mume wangu akiwa amekaa kando yangu, hana la kusema. Kwa hiyo, anayeshuku ana tatizo hili apime kwanza, ngano ataiacha baadaye.

Mara ya pili kingamwili zilikuwa juu sana. Nikaingizwa kamera ya tumbo kupitia mdomoni, wakanyofoa vinyama vidogo kwenye utumbo, na wiki mbili baadaye maabara ikathibitisha. Ilikuwa Februari 2020. Ugonjwa huu hauna kidonge cha kuutibu. Tiba ni kuacha gluteni, maisha yako yote.

Mama aliposikia alisema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Sikumlaumu, nami niliwaza hivyohivyo. Lakini miongoni mwa watu waliowahi kupimwa duniani, kiwango kikubwa kuliko vyote kimeonekana hapahapa Afrika, kwa watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi: katika kila watoto 100 zaidi ya 5 walikutwa nao. Ugonjwa unataka vitu viwili vikutane: vinasaba vinavyourithisha, na ngano mezani. Na ngano mezani petu imejaa. Hakuna asubuhi ya Dar isiyo na beseni la maandazi kona ya mtaa.

Vipimo vya baada ya hapo vilionyesha ukubwa wa deni. Akiba ya chuma, ile wanayoiita feritini, ilikuwa 3. Vitamini B12 chini, foliki, nayo ni vitamini ya kundi B, chini, vitamini D chini kabisa. Nilifikiri deni hili linalipwa kwa vidonge vya aina zote siku moja, nikakuta kuna mpangilio. Foliki haikutangulia. Daktari alieleza kwamba foliki ikipewa peke yake kwa mtu aliyepungukiwa B12, damu inaweza kuonekana inapona huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Nyayo zangu zilikuwa zinawaka usiku na vidole vina ganzi, na mimi nilikuwa nimelaumu viatu. Basi tulianza na sindano za B12, maji mekundu kama juisi ya shangazi, siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki mbili, kisha kwa nafasi zaidi. Moto wa miguu ulipungua baada ya miezi mitatu. Ganzi ya kidole gumba cha kushoto ipo mpaka leo.

Chuma nilipewa kwa dripu, kwa sababu utumbo ulikuwa bado haujapona na vidonge vingepita kama vilivyopita vingine. Baadaye zulia lilipoanza kuota tena nikarudi kwenye vidonge, safari hii nikivimeza ninavyotakiwa: kwa juisi ya chungwa au maji ya ndimu, mbali na chai na mbali na maziwa. Miaka yote ile nilikuwa nameza kidonge cha damu na kikombe cha chai ya maziwa ya saa moja asubuhi. Chai hushika chuma kisipokelewe, na maziwa nayo vilevile. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza kwa kuwa sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Vitamini D ndiyo iliyonishangaza. Dar es Salaam, jua hili! Lakini nilipohesabu siku yangu nikaona ukweli wake: natoka alfajiri, nimo ndani ya ofisi mpaka jua linapozama, na nje navaa baibui. Juu ya hayo, utumbo ulioharibika haupokei mafuta vizuri, na vitamini A, D, E na K husafiri na mafuta. Sasa nameza vidonge vya D, na kila Jumamosi na Jumapili nakaa uani kwetu saa nne, mikono na miguu wazi, nikichambua mchele. Kalsiamu, madini ya mifupa, naipata kwa dagaa, wazima na vichwa vyao.

Kuna jambo moja sikulielewa mpaka mtaalamu wa lishe aliponiketisha. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano na wa mahindi unaotoka viwandani nchini kwetu unatakiwa uongezwe chuma, zinki, foliki na B12. Nilipoacha chapati na mkate nikawa nimeacha na virutubishi vile vilivyotiwa humo. Nikafikiri nimeondoa sumu tu, kumbe nimeondoa na msaada. Ndiyo maana maharage, choroko, mchicha, dagaa na mayai kwangu si kitoweo cha siku ya kukosa nyama. Nimeviandika ukutani jikoni, kila siku na chake.

Chakula chenyewe hakikuwa taabu niliyoiogopa. Mkate usio na gluteni upo kwenye maduka makubwa ya Masaki, na kwa bei ya mmoja nanunua mchele kilo kadhaa, basi niliuacha hukohuko. Sisi tuna ugali, wali, ndizi, mihogo, magimbi, viazi vitamu, mtama, ulezi. Nilisoma kwamba mwaka 1924 daktari mmoja wa New York, Sidney Haas, aliwaponya watoto wenye ugonjwa huu kwa kuwalisha ndizi mbivu kwa wingi, na dunia ikaamini kwamba ndizi ndiyo dawa. Kilichowasaidia ni mkate aliowanyima. Daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeishika ngano yenyewe. Alikuwa ameishuku tangu miaka ya 1930, na katika njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipokosekana, watoto wake wagonjwa walipata nafuu. Mkate uliporudi wakaanza kuumwa upya. Kila nikipika ndizi za nazi nawakumbuka watoto wale, waliopona huku watu wakishukuru kitu kingine.

Taabu ilikuwa kwenye kidogo. Kipimo cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 katika kilo moja. Hicho ni kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Unga wa lishe wa uji, ninaouona ukisifiwa kwa wagonjwa, mara nyingi umechanganywa na ngano. Kachori nyingine zimetiwa unga wa ngano zishikane. Urojo huwa mzito kwa unga huohuo. Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. Na mashine ya kusaga ya mtaani kwetu inasaga kila kitu kwa jiwe moja. Nilizungumza na kijana wa mashine, sasa nakwenda saa moja asubuhi akishasafisha, tunapitisha kilo moja ya mahindi yangu kwanza, inakuwa ya kuku, kisha ndiyo tunasaga ya kula. Unga wa mchele natwanga mwenyewe kwa kinu.

Nilifanya yote hayo, na baada ya miezi sita kingamwili zilikuwa zimeshuka kidogo tu. Damu ilikuwa 10, imekwama. Daktari aliniuliza kwa upole kama kuna siku nimeteleza. Nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikaandika kila kilichoingia mdomoni kwa wiki nzima, mpaka dawa ya meno, mpaka vidonge vya maumivu, nikimpigia mfamasia mmoja baada ya mwingine. Sikupata kitu. Karatasi nzima ilikuwa safi. Kila asubuhi: vitumbua viwili, chai bila maziwa.

Vitumbua ni mchele na nazi. Hilo kila mtoto wa pwani analijua. Nilikuwa nanunua kwa bibi mmoja aliye nyumba ya tatu kutoka kwetu, anayebandika chuma chake saa kumi na moja alfajiri, na vitumbua vyake vilikuwa faraja yangu ya pekee tangu chapati iondoke. Siku ya nane nikaenda mapema, nikamkuta bado anachanganya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo umewahi, hata havijaumuka vizuri."

Nikakaa kwenye kigoda. Akatia hiliki, akatia sukari, kisha akachota vijiko viwili kutoka kwenye mfuko mwingine akavinyunyiza juu.

"Bibi, huo ni unga gani?"

"Wa ngano, mama. Kidogo tu, vishikane, visipasukie mafutani."

Vijiko viwili. Kila siku, miezi sita. Sikuweza kusema kitu kwa muda, akafikiri nimeugua palepale. Nilipomweleza alishika kichwa kwa mikono yote miwili yenye unga. Alisema anajua nina ugonjwa wa kutokula chapati, mtaa mzima unajua, lakini nani angemwambia kwamba vijiko viwili ni chapati? Na alikuwa na haki. Nilikuwa nimewaambia watu ninachokikataa, sikuwa nimewaambia kwa nini, wala kiasi gani.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kusema. Zamani nilikuwa nasema "sili ngano," na watu waliisikia kama mtu asiyependa bamia. Harusini, bokoboko la ngano likipita, nilikuwa nasema nimeshiba, na wenye shughuli wananuna. Futari ya kwanza kwa mama mkwe baada ya kupimwa, aliniwekea sambusa mbili pembeni ya sahani akasema, "Onja tu mwanangu, hata moja, kwa ajili yangu." Nilikataa, akanyanyuka kwenye mkeka. Hatukuzungumza mpaka sikukuu ikapita. Nilimwomba mume wangu amlete kliniki. Daktari alimchorea zulia lile lile na sakafu ile ile, akamwonyesha damu yangu ya miaka mitatu kwa namba. Mama mkwe alizitazama namba muda mrefu. Akauliza, "Na ile mimba?" Daktari akamwambia kwamba ugonjwa huu usipotibiwa unaweza kuhusika na mimba kutoka, ila kwa yangu hawezi kuapa. Mama mkwe hakujibu. Jioni ile alinunua mwiko mpya, sufuria mpya na kibao, akavitia kwenye mfuko wake mwenyewe, na mpaka leo nikienda kwake hakuna mwingine anayeruhusiwa kuvigusa. Akipita mtu na chapati karibu ya sahani yangu anamkemea kwa sauti inayonifanya nione haya.

Ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto, kaka na dada, kwa wastani mmoja kati ya 10 naye huwa nao. Nilipowaambia nyumbani wapime, mdogo wangu wa kiume aliona ni usumbufu. Ana kifua kipana, anabeba mizigo bandarini, hajawahi kuumwa tumbo. Alipima ili kumnyamazisha mama. Akakutwa nao, feritini yake 9. Uchovu aliouita wa kazi, na hasira za jioni ambazo mkewe alizizoea, viliondoka taratibu baada ya mwaka. Binti yangu wa miaka sita hana kwa sasa, atapimwa tena, kwani unaweza kuanza umri wowote.

Mwezi uliopita damu yangu ilikuwa 12.8. Feritini 41. Vitamini D bado iko nyuma, daktari ameongeza dozi na kuniuliza kama kweli naota jua. Mwakani nitapigwa picha ya mifupa. Udongo sijaugusa tangu wiki ya tatu baada ya dripu. Hamu yenyewe ilikatika kama taa, nikapita Kariakoo mbele ya mabeseni yale na sikugeuza shingo, nikaja kulikumbuka hilo nikiwa tayari ndani ya gari.

Bibi wa vitumbua alinunua chuma kingine, kidogo, cha mashimo manne. Amekifunga uzi mwekundu kwenye mpini na hukibandika cha kwanza kabla ya kufungua mfuko wa ngano, akitumia mchele ninaompelekea na mafuta mapya. Hataki nimlipe zaidi ya wengine. Alfajiri nikichelewa kutoka, namsikia kupitia dirishani, anagonga ukingo wa chuma kwa kijiko, anamwambia mteja aliyetangulia: "Hapana baba, hivyo vya kwanza vina mwenyewe."